Kilo Kumi na Tatu za Kiboko

Ngumi iliyoliua jicho la kushoto la Sindano haikuwa hata nzito. Hilo ndilo lililomkera dada yake kuliko yote. Alikuwa amekaa safu ya mbele, karibu na ulingo kiasi cha kurukiwa na jasho, na aliiona ikija: ngumi ya kulia ya kawaida kabisa, ngumi ambayo mdogo wake aliikwepa kila siku mazoezini huku akipiga soga. Siku ile hakuikwepa. Alisimama tu, mikono imeshuka, kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi. Ikampata. Ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu, na mpinzani wake, mwanamke mwembamba mwenye mikono mirefu aliyeitwa Wembe, akaendelea kumpasua raundi mbili nzima bila haraka yoyote, kama anayemenya viazi. Damu ilitapakaa hadi kwenye viatu vya mwamuzi. Na Kocha, aliyekuwa kwenye kona ya Sindano, hakurusha taulo kusimamisha pambano.

Kocha alikuwa kaka yao wa kuzaliwa tumbo moja, mkubwa wao wote. Mtaa mzima ulimwita Kocha, na alikuwa na ukumbi wake wa masumbwi, banda la mabati lililokuwa gereji zamani, ambalo bado lilinuka grisi jua likikolea. Wazazi walipofariki ndiye aliyewalea wale wadogo zake wawili, na alichokijua kuhusu kulea ni ngumi. Akawafundisha.

Yule dada mtu aliitwa Kiboko. Jina alipewa na wenzake wa machinjioni, alikofanya kazi ya kubeba robo za ng'ombe begani kutoka kwenye kulabu hadi kwenye gari, na ubishi haukuisha kama walimaanisha yule mnyama au kile kitu cha kuchapia. Wenyewe walijibu kwamba inategemea amekujia na mgongo au na mkono. Alikuwa mfupi, mpana, kilo sabini na sita, na aliwahi kupigana mapambano kumi na moja akashinda tisa, kabla ya kukosa wapinzani wa uzito wake.

Daktari wa macho aliposema pazia la ndani ya jicho limechanika na halitashonwa likashika, Kiboko alitoka nje ya wodi, akamkuta kaka yake ameegemea ukuta.

"Nipatie Wembe," alisema.

"Wembe anapigana kilo sitini na tatu, mdogo wangu. Wewe ukipanda mizani, mizani inaomba msaada."

"Nitashuka."

"Kilo kumi na tatu?"

"Hata ngozi nitavua."

Kocha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeokota kitu njiani. Mwezi haujaisha, pambano likawa limesainiwa: miezi minane mbele.

Njia ya Kocha ya kupunguza mtu ilikuwa moja tu, naye aliirithi kwa kocha wake. Funga mdomo, fungua jasho. Asubuhi chai isiyo na kitu, mchana tunda, jioni mchuzi mwepesi. Kiboko alikimbia akiwa amevikwa nailoni ndani ya sweta mbili, huku Kocha akimfuata kwa baiskeli. Vyuma akamkataza kuvigusa. "Chuma kinajenga, na sisi tunabomoa," alisema. Wiki tano, kilo nane zikaondoka. Wanafunzi wa ukumbini walimpigia makofi kila akipanda mizani. Uso wake ukachongoka, suruali zikamvuka. Alijiona ameshinda tayari.

Kazini ndiko alikoumbuka. Siku hiyo alikuwa akibeba paja la nyuma la fahali, mzigo aliouzoea kama mama anavyozoea mtoto mgongoni, na mbele yake alitembea mwenzake waliyemwita Mfupa, mzee mkondefu mwenye maneno mengi, kazi yake kufungua milango ya chumba cha baridi. Walipofika kwenye ngazi tatu za kushukia gari, goti la Kiboko likakataa. Halikuuma. Lilikataa tu. Lile paja likamporomoka begani, likamkumba Mfupa kiunoni, likambwaga kwenye sakafu yenye damu, kisha likamlalia juu ya mguu. Mlio uliotoka ulikuwa kama wa kuni kavu. Mfupa alipiga yowe hadi wachinjaji wakaacha visu vyao, na walipomtolea ule mzigo, wakaona ncha nyeupe imechungulia kwenye suruali yake chini ya goti.

"Kiboko," alisema meno yakigongana, "miaka kumi na miwili... hujawahi hata kuniangushia ulimi wa ng'ombe."

Siku nne baadaye, ukumbini, msichana mwanafunzi wa kilo hamsini na saba alimpiga Kiboko ngumi ya kidevu wakijaribiana, akamkalisha chini. Yule binti aliogopa kuliko aliyepigwa. Akasimama pale ameshika mdomo kwa glavu zote mbili.

Wakati huohuo Sindano akaingia mlangoni. Hakuwa amekanyaga ukumbi ule tangu aumie. Kitambaa cheupe kilifunika jicho la kushoto, na aligeuza kichwa kizima kila alipotaka kuona upande huo. Alipita kati ya mifuko ya mchanga, akaruka kamba, akapiga magoti mbele ya dada yake, akamshika paja, akambinya mkono juu ya kiwiko, akambinya bega, kama mchuuzi anavyokagua ndama mnadani.

"Hii nyama imekwenda wapi, Dada?"

"Mafuta yameondoka."

"Mafuta bado yapo tumboni, nayaona hata kwa jicho moja. Kilichoondoka ni wewe mwenyewe." Akageuza kichwa kumtafuta Kocha. "Kaka, umemwambia?"

"Nimwambie nini?" alisema Kocha.

"Basi nitasema mimi. Dada, mimi sikupigwa na Wembe. Nilipanda ulingoni nimeshapigwa. Huyu alinitoa kilo tisa kwa siku kumi na saba. Siku mbili za mwisho sikunywa hata tone. Nilikaa kwenye gari lililofungwa vioo, juani, natema mate kwenye kopo ili yapungue na hayo. Raundi ya nne nilirudi kwenye kona nikamwambia: Kaka, sioni vizuri, miguu si yangu. Unajua alinijibu nini? Wembe naye amechoka. Rudi."

Kiboko alikuwa bado amekaa chini.

"Ndivyo tulivyofundishwa sote," alisema Kocha. "Mimi nilitolewa kilo kumi, na niko hapa. Bondia lazima ateseke. Na taulo ningerusha vipi? Nani angemwita tena kupigana?"

"Kwa hiyo sasa ananiita nani?" aliuliza Sindano.

Kiboko aliinuka. Hakukumbuka baadaye kama alivuka kamba au alipita chini yake. Alimfikia kaka yake, akakusanya kila kilichobaki mwilini, kiuno, bega na miaka yote ya machinjioni, akamtandika konde la taya.

Kocha hakusogea.

Alijifuta tu mdomo kwa mgongo wa mkono, akautazama mkono, hakuona damu. Ndipo akacheka, na kicheko hicho kilimwingia Kiboko ndani zaidi ya kofi lililofuata. Maana kofi lilifuata: la mkono wazi, la mtu wa kilo tisini na tano, likamrusha hadi kwenye mfuko wa mchanga, akaanguka ubavu. Kocha akainama kumnyanyua kwa shingo ya fulana, akanyanyua mkono tena. Sindano alikuwa ameshaokota chuma cha mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, kile kifupi. Alikosea shabaha kwa sababu ya jicho. Alilenga mkono, akapiga mtulinga. Ulivunjika kwa sauti ambayo kila mtu mle ndani aliisikia, na Kocha akaenda chini akibweka kama mbwa aliyegongwa na gari.

"Damu nzito kuliko maji," Sindano alimwambia, "lakini sisi umetukausha vyote viwili."

Wakatoka wameshikana mikono. Hawakurudi tena.

Sindano alikuwa ameshinda miezi kwenye mabenchi ya hospitali, na mtu akikaa sana kwenye benchi la hospitali ama anaokoka ama anasoma. Yeye alisoma. Katika chumba jirani na kliniki ya macho kulikuwa na mama mmoja mtaalamu wa lishe aliyekosa wagonjwa siku za Alhamisi, na Sindano alimchosha kwa maswali mpaka yule mama akampa daftari na kalamu ili angalau asiulize jambo mara mbili. Sasa daftari hilo akalifungua uani kwa dada yake.

"Mwili ukiunyima kila kitu ghafla, haukuulizi uanze kula nini," alisema. "Unakula hata msuli. Sasa ukitaka ule mafuta na msuli uuache, lazima uushawishi kwa mambo mawili. Uulishe kinachojenga, na uutumie huo msuli kila mara ili ujue bado unahitajika."

"Kama kibarua," alisema Kiboko. "Asiyeonekana kazini anafukuzwa."

"Sawasawa. Na tusikimbilie. Nusu kilo kwa wiki. Ukizidisha, nakupiga kwa chuma kile."

Ikawa kazi. Mayai asubuhi, samaki au kuku asiye na ngozi mchana, maharage na maziwa jioni, mboga za majani mlima. Wanga haukufutwa, ulipunguzwa, na ulibaki mwingi siku za vyuma. Vyuma vyenyewe vilikuwa ekseli kuukuu ya lori na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Siku tatu kwa wiki Kiboko alichuchumaa nayo mabegani, akaikokota kutoka chini hadi kiunoni, akalala chali juu ya benchi akaisukuma. Siku nyingine alipiga mfuko na kuruka kamba. Akalala muda wa saa nane kila usiku kwa amri.

Wiki tatu za kwanza alipanda kilo mbili na nusu. Alitoka kwenye mizani ya duka la dawa akilia hadharani, na mwenye duka akadhani amefiwa.

"Mizani ni mjinga," Sindano alimwambia. "Haijui mafuta, haijui msuli, haijui maji. Ulizia kamba ninayokupimia kiuno. Ulizia chuma. Kamba ikifupika na chuma kisipungue, hapo tunakwenda. Chuma kikishuka, tunasimama, hata mizani ikiimba."

Njaa ilikuwepo, tusidanganyane. Haikuwa ile ya kuzimia, ilikuwa ya kunuka kila kitu. Machinjioni, mahali ambapo mafuta ya ng'ombe yalichuruzika kutwa, Kiboko alikuwa mkali kama nyigu. Mchinjaji mmoja alimpungia kipande cha mafuta usoni kwa utani, siku mbaya, akajikuta amening'inizwa kwenye kulabu kwa ukosi wa koti, miguu haigusi chini, akiomba radhi kwa majina ya ukoo wake wote. Msimamizi alimpa Kiboko onyo la maandishi. Mfupa, aliyekuja kuwasalimu akiwa na magongo, alilisoma onyo lile kwa sauti, akafurahi sana. "Umemning'iniza kwa mkono mmoja? Basi mwanangu, mguu wangu haukwenda bure."

Miezi minane ilipotimia, kamba ya kiuno ilikuwa imefupika kwa shibiri nzima. Ekseli ilikuwa imeongezewa kopo moja juu ya uzito aliouweza alipokuwa na kilo sabini na sita. Kiboko alikuwa amebaki mpana mabegani, mapaja kama nguzo, na kati yake hakuna cha kukamata. Siku ya kupimwa uzito alikunywa maji yake asubuhi kama kawaida, akapanda. Sitini na mbili na nusu.

Wembe aliletwa ameshikwa kwapa na watu wawili. Midomo ilikuwa imepasuka. Walimvua mpaka nguo ya mwisho nyuma ya taulo, na ndipo mizani ikakubali sitini na tatu. Aliyeshikilia taulo, mkono mmoja ukiwa bado mzito kuinuka, alikuwa Kocha, aliyehamia kona ya Wembe.

"Mnamjua mdogo wangu," aliwaambia watu wa Wembe bila kumtazama Kiboko. "Mimi namjua zaidi."

Na kweli alimjua. Pambano lilipigwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa michezo wenye feni zisizozunguka, na raundi tatu za kwanza Wembe alipigana kana kwamba amepewa ramani. Alijua Kiboko hushusha mkono wa kulia kabla ya kupiga wa kushoto. Kila uliposhuka, konde refu lilipita mle. Raundi ya pili pua ya Kiboko ilivunjika, akasikia imehama kabisa, na damu ikamshukia kooni akawa anaimeza. Raundi ya tatu nyusi ikachanika. Kwenye kona Sindano alimkandamiza jeraha kwa vidole viwili, uso wake ukiwa karibu kiasi kwamba jicho moja lilionekana kama mawili.

"Miguu?" aliuliza.

"Ipo."

"Mikono?"

"Ipo."

"Basi subiri. Yeye vyote viwili amekopa."

Raundi ya nne Kiboko aliacha kuzikwepa ngumi. Alipokea mbili ili aingize moja, na hiyo moja aliiingiza mbavuni, na ilipotua Wembe alitoa mlio wa mtu aliyekanyaga mwiba. Akapokea mbili nyingine, akaingiza nyingine. Mwamuzi aliteleza kwenye damu akajishikilia kwenye kamba. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti. Raundi ya tano, katikati, ile mikono mirefu ikaanza kurudi polepole baada ya kila ngumi, kama nguo zilizolowa. Kiboko akaona mwanya, na ndani ya mwanya akaliona jicho la kushoto la Wembe.

Miezi minane alikuwa akiliota jicho hilo. Akalipiga. Akalipiga tena, kwa nguvu zilezile, nguvu zote alizokuja nazo bila kupoteza hata ratili moja, na nyama ya juu ya jicho ikafunguka kama mdomo. Kuna furaha aliyoisikia wakati ule ambayo hakuwahi kumsimulia mtu.

Wembe hakuanguka. Alisimama tu, mikono chini, anatazama kitu ambacho hakikuwepo ukumbini. Kiboko aliujua msimamo ule. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshavutwa nyuma kwa ya tatu.

"Kichwa mwache!" Ilikuwa sauti ya Sindano, imepanda juu ya ukumbi mzima. "Dada! Mwache kichwa! Tumbo!"

Upande wa pili Kocha alikuwa ameshika taulo, amelikunja, anajifutia shingo nalo. "Nyanyua mikono!" alimpigia kelele Wembe. "Naye amechoka!"

Kiboko alishusha bega la kushoto, akazungusha kiuno, akaipeleka ngumi chini ya ubavu wa kulia, mahali pa ini. Aliisikia ikizama. Wembe alibaki wima kwa muda wa kupepesa jicho, kisha magoti yakagonga sakafu, kisha paji la uso. Alijikunja akatapika maji ya kijani, akawa anakwaruza turubai kwa glavu. Mwamuzi alihesabu hadi kumi kwa mtu asiyeweza hata kumsikia.

"Inuka, mjinga wewe! Inuka!" alikuwa akipiga kelele Kocha, ameshaingiza kichwa kati ya kamba.

Kengele ilikuwa imeshagongwa, mkono wa Kiboko ulikuwa umeshainuliwa na mwamuzi. Aliuvuta ukamtoka. Alivuka ulingo kwa hatua nne, na konde alilompiga kaka yake lilimtoa kwenye kamba, likampindua juu ya ndoo, likamlaza chali katikati ya viti vya waandishi, taya limekwenda upande mmoja na macho upande mwingine. Hakuna aliyecheka. Walinzi sita walimshika Kiboko, na hakupigana nao.

Ushindi haukufutwa, maana pambano lilikuwa limekwisha. Lakini chama cha masumbwi kilimfungia mwaka mmoja, na Kocha akanyang'anywa leseni baada ya daktari wa ulingo kuandika hali aliyomkuta nayo Wembe: figo zinakaribia kusimama, damu nzito kama uji. Taya la Kocha lilifungwa kwa waya wiki sita. Hakuwashtaki wadogo zake. Hakuwaomba radhi pia.

Kesho yake mchana Kiboko alipelekwa hospitali kunyooshwa pua, na Sindano, badala ya kumsubiri nje, akapotea. Kiboko alimkuta kwenye wodi ya wanawake. Alikuwa amekaa kando ya kitanda cha Wembe, ambaye dripu mbili zilikuwa zinamwingia mikono yote, na upande mmoja wa uso ulikuwa na nyuzi kumi na nne. Jicho lilikuwa zima. Daktari alikuwa ameshasema hivyo.

Kiboko akasimama mlangoni na plasta yake puani. Hakuingia. Alikuwa bado anamchukia yule mwanamke, na ngumi zilimkunjika zenyewe ndani ya mifuko ya koti.

"Dada yako," Wembe alikuwa akisema kwa sauti ya kukwaruza, "raundi ya tano... alikuwa anapiga kama raundi ya kwanza. Mlikuwa mnamlisha nini?"

Sindano aligeuza kichwa, akalitafuta birika la maji juu ya meza, akalipata kwa kupapasa, akamimina nusu kikombe.

"Kwanza kunywa," alisema. "Kidogo kidogo. Mengine nitakuandikia."